Jeneza Tulilolirudisha

Nilikuwa parokiani nikipiga pasi vitambaa vya altare Mwape, mtani wetu na kibarua wa barabarani, alipoingia, matope hadi magotini. Babu zetu walianza utani walipofanya kazi pamoja kwenye reli, na tangu utoto Mwape hajapata kuniona bila kunitukana kwanza. Siku hiyo alivua kofia.

«Yaya Agnès,» akasema, akiniita dada mkubwa kwa heshima, «udongo ilimuangukia Donat. Tulichimba na mikono, tukamutosha. Amekufa.»

Nikazima pasi. Nikafanya ishara ya msalaba, lakini sala haikuja.

Donat, mdogo wangu, alikuwa mwashi wa mitaro kwenye barabara ya serikali inayokwenda Luano. Alikuwa mbishi, kwenye katekisimu alimbishia padri juu ya Yona. Ndiyo maana vibarua wenzake walimchagua awe mjumbe wao. Kampuni inayojenga barabara ilikuwa imeandaa mkataba wa pamoja na wafanyakazi: mfanyakazi wa kudumu akiumia atatibiwa, akifa kampuni itamzika. Vibarua hawakutajwa. Donat alikataa kutia sahihi, na bila sahihi yake mkataba haukupita.

Siku ya pili ya kilio mkuu wa kazi, Gauthier, alileta jeneza linalong'aa kwa vanishi. Alimwambia mama kwa upole kwamba ni zawadi ya kampuni, si haki, na kwamba familia iseme hivyo mbele ya wafanyakazi. Nikaelewa. Tukisema hivyo, vibarua watakosa cha kudai. Tukikataa, mama hana cha kumzikia mwanawe. Baba hayupo, mimi ndiye mkubwa. Mama alinitazama.

Kabla sijafungua mdomo, Mwape akapanda akalala juu ya jeneza, viatu na vyote. Mtani kwenye kilio hakasirikiwi.

«Iko laini, patron,» akamwambia Gauthier. «Lakini Donat ni mubishi. Ukimulalisha humu atafufuka mbele ya bengine, akuje kukukatalia na hii sanduku, sawa alikukatalia mukataba.»

Watu walicheka huku wakilia. Gauthier alimwamuru ashuke. Mwape akajibu kwamba atashuka wenye kilio wakisema. Macho yote yakanigeukia.

«Papa Gauthier, tunashukuru,» nikasema. «Kama ni haki ya kibarua, muandike kwenye mukataba, tutapokea. Kama ni zawadi, murudishe.»

Mwape akashuka, Gauthier akawaita watu wake. Walilipakia tena kwenye gari. Mama alifunika uso kwa kitenge, na siku ile hakunisemesha.

Maseremala wa kazini kwa Donat, wanaopigilia mbao za kushikilia zege, walichanga mbao zao, wakatengeneza jeneza uani kwa Mwape. Walizisugua, lakini saruji haikutoka yote.

Kesho yake padri alilibariki. Vibarua walilibeba kwa zamu. Mkataba ulikuwa bado hauna sahihi ya vibarua. Kaburini tulisali Baba Yetu. Mama alitupa udongo wa kwanza, nikafuata mimi, kisha Mwape. Wakajaza kaburi kwa koleo, wakasimamisha msalaba. Tukanawa mikono, tukarudi nyumbani.