Taa ya Chumba cha Mama

Fundi aliyekuja nyumbani kwa Kuruthumu, pale Kibiti, hakugusa waya kabla ya kufuta vidole vyake virefu kwa kitambaa, na alizungumza kwa sauti ya chini kama aliye karibu na mtu aliyelala. Kisanduku alichokifungua kilitoka Dubai, miaka ile maduka yalipoanza kujaa vitu, nacho ndicho kilichoendesha taa na pampu ya nyumba nzima. Siku hizi pampu ilikuwa ikigoma, na fundi alikuja na programu mpya. "Nikiiweka hii, mipango yote ya zamani inafutika," alisema.

"Hata taa ya chumba cha marehemu mama? Huwaka yenyewe kabla ya adhana ya alfajiri."

Fundi alisoma kioo cha kisanduku, akarudia, kisha mikono yake ikatulia tuli. "Humu taa hiyo haikupangiwa saa yoyote, dada. Ingekuwa kwangu, ningeiacha kama ilivyo."

Kuruthumu aliyatazama mapipa makavu uani. "Weka," akasema. Fundi akaiweka, akaondoka bila kugeuka nyuma. Kulipokaribia kucha, pampu ilivuma vizuri, na chumba cha mama kikabaki giza. Akiwa nje ya mlango, Kuruthumu alisikia mtu humo ndani akipapasa ukuta taratibu, akitafuta swichi.