Msimu Tuliokatazwa Yowe

Yowe la kwetu huanzia chini, kama mtu anayeguna, kisha hupanda ghafla na kukatwakatwa na kiganja kinachopigwa mdomoni. Ukilisikia mara moja hutalisahau. Nilizaliwa kwenye vilima vilivyo kati ya Butiama na Buhemba, na kabla sijajua kusoma nilikuwa nimeshajua kwamba sauti ile ikitoka, hakuna anayeuliza kwanza kuna nini. Aliyekuwa anakula anaacha tonge kwenye sahani, aliyekuwa anaoga anatoka na povu masikioni, na kila anayelisikia analirudia kwa sauti yake mwenyewe huku anakimbia, ili wa kilima cha pili naye asikie. Wanaume hushika fimbo na mapanga, maana mara nyingi ni wezi wa ng'ombe, ingawa inaweza kuwa nyoka, moto, au mtoto aliyezama lamboni. Hata jirani mliyetukanana naye asubuhi kisimani, akipiga yowe unakimbia, matusi mtayamalizia baadaye. Asiyetoka huulizwa alikuwa wapi, na swali hilo halina jibu zuri. Watu wa miji mikubwa wakiniambia kwamba sisi wa Mara tuna kelele, huwa siwabishii, nawaonea huruma tu.

Nilikuwa darasa la nne mwaka ule. Uchaguzi ulikuwa umekwisha, watu wanasafisha mashamba wakisubiri kupanda pamba, na mbunge mpya alipotangazwa, vijana wa Bunda mjini waliingia barabarani wakisema huyo si waliyemchagua. Sisi kule vilimani hatukuona kitu. Kilichotufikia ni maneno, na maneno yaliletwa na Mama Nyamisi, mwuza samaki, aliyetoka Musoma na beseni lake la dagaa na furu akapitia Bunda kabla ya kupanda kwetu. Siku zote aliuza kwa soga na vicheko. Wiki ile alipima samaki huku anageuka nyuma. Alisema maduka yamefungwa, matairi yanachomwa barabarani, mabomu ya machozi yamelipuliwa mpaka karibu na soko, na kweli harufu ya mpira ulioungua ilikuwa imekaa kwenye kanga yake, juu ya harufu ya samaki. Nilipomsogelea kupokea kikombe cha dagaa, nilibana pumzi. Usiku sikutaka kumkumbuka.

Kila mtu kijijini alilipokea jambo lile kivyake. Mwenye duka alisema vijana wale hawana kazi za kufanya, akazima redio mteja alipoingia. Katekista alituombea amani kwa sala ndefu ambayo haikusema ni amani kati ya nani na nani. Baba yangu, ambaye kabla ya kura alikuwa akibishana siasa mpaka mate yanamkauka, sasa ukimuuliza habari za Bunda alikujibu habari za mbegu za pamba. Wapo waliosema vijana wana haki yao, lakini walisema hivyo wakiwa wameinamia chini, kama wanaongea na kuku. Halafu Kisiri, mchunga ng'ombe wa jirani, akakamatwa. Alikuwa anakwenda mnadani Bunda na fimbo yake mkononi, kama anavyokwenda mwanaume yeyote wa kwetu, akaangukia katikati ya purukushani. Mwenye fimbo akahesabiwa mwandamanaji. Alirudi baada ya siku kadhaa, bila fimbo na bila maneno, akawa anachunga ng'ombe kwa kuwapigia makofi.

Hapo ndipo balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Maregesi, alipopita nyumba kwa nyumba. Nilimfahamu vizuri, alikuwa baba yake Wegesa, rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja. Hakuwa mtu mbaya. Alisimama uani kwetu ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Nawaomba, siwaamrishi," alisema. "Hakuna filimbi, hakuna vigelegele, hakuna yowe. Watu wakionekana wanakimbia na mapanga siku hizi, hao askari hawaulizagi mnakimbilia nini."

"Na mwizi akija?" aliuliza Mzee Mafuru, jirani yetu, aliyekuwa amekaa na baba.

"Akija mwacheni aende nao. Ng'ombe wanazaaga."

Mama alikuwa anapepeta mtama. Aliuacha ungo hewani, akamtazama balozi, kisha akamtazama baba, na baba akaangalia viatu vyake. Sijawahi kuona watu wazima wakiogopa hivyo mchana kweupe. Kuanzia siku hiyo kijiji kiliishi kwa kunong'ona. Tulijua magari ya askari yanapita barabara kubwa kwa vumbi lililoinuka nyuma ya mikaratusi ya misheni, na vumbi lile likiinuka mama alituita ndani, hata kama tulikuwa tunacheza rede tu. Nilikuwa naogopa bila kujua naogopa nini hasa, na hiyo ndiyo hofu mbaya kuliko zote, haina sura ya kuikimbia.

Jumamosi moja mchana, mimi na Wegesa tulikwenda kutafuta kuni upande wa maduara, yale mashimo ya dhahabu yaliyoachwa na wachimbaji. Tulikatazwa kwenda kule, lakini kuni nzuri zilikuwa kule kule, na mama zetu hawakuwa wakiuliza zimetoka wapi. Wegesa alikuwa mbele yangu, anaimba kwa kunong'ona maana hata kuimba tulikuwa tumeshakuogopa. Alikanyaga ukingo, na ukingo ukaondoka naye. Sikusikia kishindo, nilisikia mchanga tu, ukimiminika. Nilipochungulia nilimwona chini, amefukiwa hadi kiunoni, uso mweupe kwa vumbi kama aliyepakwa unga. Alisema mguu wake umebanwa na jiwe. Kila alipojitikisa mchanga mwingine ulishuka.

"Nyangeta, usiondoke," aliniambia.

Nikikimbia kuita watu namwacha peke yake. Nikipiga yowe askari watakuja watuchukue wote, ndivyo nilivyoamini. Mchanga ukashuka tena, ukamfika kifuani. Niliweka kiganja mdomoni nikapiga yowe, na sauti ilinitoka nyembamba, ya mtoto, lakini ilifika. Najua ilifika kwa sababu nilikuwa juu ya kilima na niliona milango ikifunguka. Watu walitoka wakasimama uani. Niliona mama yangu na kanga yake ya kijani, na baba akimshika mkono. Nilingoja yowe lirudiwe. Halikurudiwa. Mbwa mmoja alibweka, akanyamazishwa.

Mtu pekee aliyekimbia alikuwa balozi, na alikimbia kuja kuninyamazisha. Alifika anahema, mkono umeshainuliwa, akafoka kwamba nataka kuwaua watu. Nikamwambia ni Wegesa, yuko duarani. Aliuangalia ule mkono wake ulioinuliwa kama hajui ni wa nani. Kisha akaupeleka mdomoni mwake, akapiga yowe mwenyewe, zito, la mwanaume mzima, mara ya kwanza na ya pili na ya tatu mpaka sauti ikapasuka.

Ndipo watu wakaanza kuja. Walikuja wakitembea. Nasema ukweli, walitembea, mmoja mmoja, wameachana, ili wasionekane kundi. Hakuna aliyeshika fimbo, panga wala jembe. Mikono waliiacha wazi, mbali kidogo na mwili, ili anayetazama kutoka barabarani aione haina kitu. Mzee Maregesi alikuwa analia, "Kimbieni jamani! Kimbieni, ni mwanangu!" na hakuna aliyekimbia. Baadaye Mzee Mafuru alituambia walidhani balozi anawapima, aone nani atavunja katazo. Hofu aliyoipanda kwa kuomba ilikataa kung'oka kwa kulia.

Walipofika na kuona, walijitupa chini wote, wakachimba kwa viganja, sufuria, na kofia ya balozi ile ile. Jembe lilifuatwa nyumbani na shangazi mmoja, naye akalileta amelibeba mgongoni ndani ya kanga, kama mtoto. Baba aliteremka duarani amefungwa kamba ya ng'ombe kiunoni. Jua lilikuwa limefika kwenye vilima Wegesa alipotoka, hai, macho yake yamenigandia mimi. Mguu ulikuwa umevunjika vibaya. Hakuna aliyethubutu kupita naye barabara kubwa jioni ile, kwa hiyo alilala nao hivyo hivyo, na kilio chake kilisikika nyumba zote, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Hospitali alipelekwa asubuhi. Mguu ulipona, lakini ulipona mfupi.

Bunda ilitulia, pamba ikapandwa, na mbunge mpya alikuja kutusalimia. Alipigiwa vigelegele. Alisifu utulivu wa kijiji chetu, akasema angependa vijiji vyote viwe kama sisi. Mzee Maregesi alikuwa amesimama nyuma kabisa, bila kofia, na hakupiga makofi.

Sasa naishi Musoma, nina nyumba yenye ukuta na geti, na watoto wangu wanalijua yowe kwa kusimuliwa tu. Uchaguzi umekuja tena, mshindi ametangazwa tena, na vijana wengine wamesema tena kwamba huyo si waliyemchagua. Habari hazibebwi tena na mwuza samaki, zinaingia kwenye simu, na zinatuambia kile kile alichotuambia balozi, tukae ndani. Watu wa mtaani kwetu nao ni wale wale: mwenye duka anazima televisheni mteja akiingia, na wengine wanaongea na kuku, ingawa kuku hawafugi. Wegesa alikuwa amekuja kunitembelea. Tulikuwa jikoni mchana tunachambua mchicha, mara mwanamke akapiga kelele upande wa pili wa ukuta, akarudia. Mtungi wake wa gesi ulikuwa umeshika moto, lakini hilo tulilijua baadaye. Wakati ule ilikuwa sauti tu, na mtaa mzima kimya, na mapazia yakisogea.

Wegesa aliangusha mchicha. Kabla sijainuka alikuwa ameshafungua geti, anakimbia kwa kuchechemea, kiganja mdomoni, analirudia yowe kwa sauti yake yote. Mimi nilitoka nyuma yake. Nilikuwa natembea, na mikono yangu nimeiacha wazi, mbali kidogo na mwili.