Bakari, mawe yako yamepakwa chokaa

Sijaamini mpaka sasa, na hasira zimenijaa. Bakari wa Likoni, rafiki yangu na mwenzangu kazini, alifariki wiki iliyopita. Presha. Inna lillahi, nami Mkristo wa Frere Town nasema hivyo kama alivyonizoesha.

Daktari alimwambia apumzike. Yeye akasema, "Nikimaliza tabaka la juu, nitapumzika." Jamani! Mwamba umekaa pale Miritini mamilioni ya miaka, ungeshindwa kukungoja wewe wiki mbili?

Kwa msiojua, kazi yetu ni kusoma hali ya hewa ya kale kwenye mawe. Dunia inapozunguka jua haitulii. Inayumba kama pia ya watoto, na njia yake hurefuka na kurudi, polepole, kwa maelfu na maelfu ya miaka. Jua linalotufikia linabadilika, mvua zinabadilika, na tope linalotua chini ya bahari nalo linabadilika: jeusi mvua zikizidi, jeupe lenye chokaa ukame ukishika. Tope hilo ndilo limekuwa jiwe. Ukiyasoma matabaka kwa mpangilio, kutoka chini kwenda juu, unaiona mvua ikija na kuondoka.

Kwa mpangilio. Shikeni hapo, maana hapo ndipo roho inaponiuma.

Bakari alikuwa akinisimamisha juani pale Miritini barabara ilipokata kilima, malori yakitupulizia moshi, ananionyesha mistari kwa kidole. "Tazama Zawadi, huu ukame. Hii mvua. Huu ukame tena." Mimi nafa kwa kiu, yeye ananihubiria ukame wa kabla ya Adamu!

Siku moja askari wa feri akafungua begi lake, akashangaa. "Mzee, wahama na mlima?" Basi Bakari akaanza kumweleza mwendo wa dunia, moja baada ya jingine. Watu nyuma yetu wanapiga kelele, feri ikatuacha. Wallahi nilitaka kumsukuma majini.

Mawe aliyaweka kwa mamake, chini ya kitanda, kwa sababu stoo ya ofisi inavuja. Kila jiwe lilikuwa na namba ya mahali lilipotoka, kaiandika kwa kalamu ya mak pen. Nikamwambia, Bakari, tupige picha, tuwe na backup. Akanicheka. "Namba ziko juu ya jiwe lenyewe, zitakwenda wapi?"

Zitakwenda wapi! Haya.

Juzi nimevuka Likoni kumpa mamake makiwa. Nilitaka pia kuyachukua mawe, maana zamu yetu ya maabara imefika na data yote ilikuwa itoke humo. Nachungulia chini ya kitanda, patupu.

"Shikamoo mama. Samahani, mawe ya Bakari yako wapi?"

"Marahaba mwanangu. Yako kwake."

Kwake ni kaburini. Ami yake na majirani waliyaosha kwa sabuni na brashi, wakayapaka chokaa, wakayapanga kuzunguka kaburi. Makubwa huku, madogo huku. Yanang'aa, mashallah. Namba haipo hata moja.

Nilikaa chini mchangani na nguo yangu nyeusi. Jiwe ambalo tulikuwa tupime chokaa iliyomo ndani yake, limepakwa chokaa! Lakini hiyo ya juu ningeikata kwa msumeno. Namba ndizo sina pa kuzipata. Bila namba huwezi kujua ukame gani ulitangulia mvua gani, na kazi yote ya Bakari inakuwa rundo la kokoto.

Ami yake akaniangalia usoni. "Tumekosea?"

Mama akasema, "Alikuwa akiyafuta vumbi kila asubuhi, akiacha chai ikipoa. Nikaona yasitupwe, yakae naye. Kama ni ya kazi, yachukue." Akainama aling'oe la kwanza mwenyewe, kulivunja kaburi la mwanawe kwa mkono wake. Nikamshika. "Mama, yaache. Hapo ni pake." Kisha nikalia kwa sauti, na nusu ya kilio ilikuwa hasira, sifichi.

Sasa nisikilizeni. Pale Miritini wanajenga ukuta wa zege kuzuia kilima kisiporomoke. Vyuma vimeshaletwa. Wakishamwaga, mistari yote ile haitaonekana tena. Nimembembeleza msimamizi, ametupa Jumamosi tu tukate mawe mapya. Mwenye mikono na moyo aje asubuhi. Nyundo ninazo, kofia na maji mje navyo. Na kila jiwe litapigwa picha kabla halijatoka mwambani, sitaki ubishi.

Nimemwambia na mamako, Bakari. Nikamkanya, jua ni kali, magoti yake hayamsaidii. Amekataa katakata. Anasema miaka yote ulimuaga tu pale mlangoni asubuhi na kurudi na vumbi, na hakuwahi kukiona ulichokuwa ukikitazama huko.

Kumwonyesha ilikuwa kazi yako, si yangu. Wewe ungemweleza vizuri, mimi nitakwama njiani na nitalia tena mbele ya wajenzi. Lakini nitamshika mkono nimwonyeshe, mstari kwa mstari.

Haya, lala sasa, mbishi wewe. Lala salama.