Ampli ya Mama Colette

Ile ampli, chombo cha kukuza sauti ya gitaa la umeme, iliingia nyumbani kwao Colette juu ya kichwa cha baba yake, imefunikwa shuka ya kitanda, mwaka ule Wagiriki wengi wa Kisangani walipofunga maduka yao na kwenda. Baba yake, Papa René, mtu wa Yanonge, alikuwa mpishi wa mfanyabiashara mmoja wa vitambaa. Siku ya safari, kijana wa nyumba ile alichukua gitaa kwa mkono mmoja na ampli kwa mkono wa pili, akafika mlangoni, akausikia uzito, akaangalia gari linalomngoja, akamwangalia mpishi. Aliiweka ampli mbele ya miguu ya Papa René, akaenda zake uwanja wa ndege.

Basi nyumba ikapata ampli bila gitaa. Miaka miwili ilikuwa meza ya kuwekea redio, na mama yake Colette aliisugua kila Jumamosi kama alivyosugua kabati. Siku moja Colette, msichana wa miaka kumi na nane, aliinama nyuma yake kutafuta sindano iliyoanguka, akaona taa tano za kioo zimesimama gizani kama chupa ndogo za dawa. Akauliza ni nini, na alipojibiwa hakutulia tena. Alimsumbua mjomba wake mpaka akamletea gitaa la umeme lililobaki katika orkestra iliyokufa. Watu wakasema mwanamke wa gitaa haolewi. Aliolewa. Aliolewa na Faustin wa kiwanda cha nguo, mtu mpole, ambaye siku ya kuja kujionyesha kwa wazazi alileta nyuzi mpya za gitaa mfukoni, akazitoa kwanza kabla ya kusalimia.

Leo Mama Colette ana miaka sitini na saba. Faustin amelala kaburini. Yeye anashona nguo hapo hapo Kisangani, mtaa wa Mangobo, katika nyumba ya matofali waliyoijenga wawili, na ampli iko sebuleni kati ya cherehani na dirisha. Ni sanduku la mbao, limevikwa ngozi ya kahawia iliyochubuka pembeni, mbele kuna kitambaa kilichofumwa kama chujio. Ukiiwasha haisemi papo hapo. Inangoja zile taa zipate joto, zigeuke rangi ya kaa la moto, ndipo inavuta pumzi. Vijana wenye vyombo vipya wanaicheka. Yeye huwajibu kwamba hata mtu wa heshima ukimwita hatoki nyumbani mbio.

Kila jioni, akimaliza kushona, anakaa mbele yake na kupiga. Ndiyo saa ambayo wanawake wa avenyu, barabara ile yote, wanachomeka réchaud, majiko yao ya umeme, na kuanza kupika, na harufu ya makayabu, samaki wa chumvi, inapita juu ya nyua. Gitaa saa hiyo lilikuwa na sauti ya peke yake, laini, ya kuvutika, kama mtu anayeongea huku akimeza kitu kitamu. Wapita njia walisimama. Walisema mkono wa Mama Colette una sukari. Yeye hakuwakatalia, alijua kwamba mkono uliofanya kazi mchana kutwa hulegea jioni, na mkono uliolegea ndio unaopiga vizuri. Hivyo ndivyo alivyojielezea jambo lile, na miaka arobaini na tisa hakuna aliyempinga.

Mkono huo ulikuwa na kazi moja kubwa kuliko zote. Katika nyumba yake, msichana akiolewa, havuki kizingiti hivi hivi. Anasimama ndani, amevaa tayari, bokilo, yaani wakwe, watu wa upande wa bwana harusi, wako nje wanangoja, na mama anapiga gitaa. Gitaa likinyamaza, msichana anatoka. Desturi hiyo haikutoka Yanonge kwa baba yake wala kwingine upande wa Isangi, aliianzisha Mama Colette mwenyewe kwa binti yake wa kwanza, kwa sababu alitaka kulia na hakutaka watu wa upande wa pili waone. Mabinti wanne wametoka hivyo. Sasa ilikuwa zamu ya Émilie, mjukuu wake, ambaye alimlea tangu ana miaka mitatu. Harusi ilikuwa Jumamosi, wiki tatu mbele.

Hapo ndipo zawadi ya Dady ilipofika. Dady ni mzaliwa wake wa mwisho, anauza vyombo vya umeme Bunia. Alikuwa amesikia kwamba umeme ulikatika Mangobo, uliporudi ukarudi na hasira na kuunguza televisheni ya jirani. Akaogopa kwa ajili ya ampli ya mama yake. Akamtumia stabilisateur, kisanduku chekundu chenye mshale mbele. Umeme wa nje upande, ushuke, mshale unasimama pale pale kwenye volti mia mbili na ishirini. Majirani walikuja kuuangalia mshale huo kama watu wanaoangalia mtoto mchanga. Mama Colette alichomeka ampli ndani ya kisanduku, akamsifu mwanawe kwa sauti ya kusikika nyumba tatu, na jioni akakaa kupiga.

Sauti iliyotoka ilikuwa ngumu. Ilikuwa safi, ndiyo, lakini kavu, kama kijiko kinachogonga sahani ya bati.

Alizungusha vifungo. Kesho yake akabadilisha nyuzi. Kesho kutwa akapaka vidole mafuta ya ngazi, yale ya mawese, yaliyopashwa moto, akavikanda, akapiga tena. Kijiko na sahani. Wiki nzima ikapita hivyo, na wapita njia hawakusimama. Mama Colette akaangalia mikono yake juu ya magoti. Mama yake mzazi, alipokaribia miaka sabini, vidole vilijikunja kama makucha ya ndege, akashindwa hata kumenya ndizi. Basi na kwake imefika, akajiambia. Mkono umekufa, na umekufa kabla ya Émilie kutoka.

Hakumwambia mtu. Kusema kwamba unaumwa ni jambo moja, kusema kwamba umekwisha ni jambo lingine. Alimwambia Émilie tu kwamba siku hizi watu wanakodi sono, maspika makubwa ya muziki, na labda ingefaa nao wakodi, Jumamosi ile, ili wasionekane watu wa zamani.

Émilie alikuwa anapiga pasi. Hakuinua kichwa.

“Koko, sono njo ilinilea?”

Neno hilo la koko, bibi aliyemlea, likafunga habari ya sono. Usiku huo akaamua: ampli itasema, lakini kwa vidole vingine. Akamwita Jean-Paul, kijana mpiga gitaa wa chorale, ile kwaya ya parokia, ambaye vidole vyake hakuna anayevitilia shaka katika Mangobo nzima. Akamdanganya kwamba kidole gumba kinamuuma kidogo, basi afadhali amfundishe ule wimbo wa kutoka, ikitokea kimekataa.

Jean-Paul alikuja jioni kwa toleka, baiskeli ya kubeba abiria, akanawa mikono kama mtu anayekwenda kula, akakaa. Mama Colette alikaa nyuma yake ili uso wake usionekane. Kijana akapiga.

Kijiko na sahani ya bati.

Mama Colette alishtuka. Akamwomba arudie. Akarudia, na sahani ikagongwa vile vile. Akamwomba apige polepole, vidole vikae juu ya nyuzi kama vimechoka.

“Mama, ampli yako iko propre, iko safi,” Jean-Paul alisema kwa adabu, kama mgeni anayesifu chakula kisicho na chumvi. “Inasema clair, wazi kabisa.”

“Clair, ndiyo. Iko tamu?”

Kijana akakuna kichwa. Akakubali kwamba tamu haiko. Zamani alipokuwa anapita hapa kutoka shule ilikuwa tamu, na alikuwa anachelewa nyumbani na kupigwa kwa sababu yake.

Mama Colette alianza kucheka, peke yake, mpaka Jean-Paul akageuka. Ugonjwa unaomkamata mzee na kijana siku moja si uzee. Ni kitu kingine. Na kitu kipya ndani ya sebule ile kilikuwa kimoja tu, chekundu, kimekaa chini na mshale wake umesimama kama askari. Juu, balbu ya nyumba ilikuwa ya manjano kama kiini cha yai, maana avenyu nzima ilikuwa inapika. Mshale haukujali. Akainama, akachomoa ampli kutoka kisandukuni, akaichomeka ukutani kama alivyoichomeka maisha yake yote. Wakangoja taa zipate joto. Akachukua gitaa.

Ikarudi. Mipigo minne ya kwanza tu, ikarudi yote, na utamu wake, na ile tabia yake ya kuchelewa kidogo kabla ya kufungua mdomo. Mtu fulani alisimama barabarani.

Jean-Paul, ambaye amesomasoma umeme, ndiye aliyelifungua fumbo. Zile taa za kioo zikipata umeme mwingi zinasema kwa nguvu. Umeme ukishuka zinasema kwa ulaini. Réchaud za avenyu zinauvuta umeme, umeme unashuka, ampli inalainika. Kisanduku cha Dady kilikuwa kinairudishia nguvu ambayo haikuiomba. Alieleza vizuri, halafu ujana ukamshinda.

“Donc, Mama, miaka yote hii baréchaud ya bajirani njo ilikuwa inapiga gitaa?”

Neno hilo lilimchoma, si kidogo. Alikuwa amekula sifa za mkono ule karibu miaka hamsini, na sasa anaambiwa agawe na masufuria. Akampa kijana gitaa.

“Réchaud haina vidole,” alisema. “Courant, ule umeme, iko ya batu yote. Piga na weye tusikie.”

Jean-Paul akapiga. Ilikuwa laini sasa, hakuna aliyeweza kukana. Laini, nzuri, ya kijana anayejua kazi. Aliyekuwa amesimama barabarani akaendelea na safari yake. Jean-Paul alisikia zile hatua zikiondoka, akatabasamu, akamrudishia Mama Colette gitaa kwa mikono miwili.

Kisanduku chekundu hakikutupwa. Kilipelekwa chini ya friji, na Dady akapigiwa simu kwamba friji haijawahi kuwa na afya kama hii.

Mkono ulikuwa hai, basi. Lakini bokilo wangefika saa nne asubuhi, na saa nne asubuhi Mangobo hakuna anayepika. Umeme wa bwawa la maporomoko ya Tshopo unakuja umesimama wima, na ampli ingesema kama kijiko. Mama Colette hakutaka Émilie atoke kwa kijiko. Siku ya Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, alivaa kitenge chake kizuri, akapita nyumba kwa nyumba, nyumba zote zilizounganishwa kwenye waya mmoja na yake. Alianza kwa Mama Nasra, mwuza mikate, mwanamke wa ukoo wa Waislamu wa tangu zamani, jirani yake wa miaka thelathini na mwenye mdomo kuliko wote. Akamweleza anachotaka: Jumamosi, saa tatu na nusu, kila mmoja achomeke réchaud yake.

Mama Nasra alishika kiuno.

“Miaka yote tunatukana barrage ya Tshopo juu ya courant kidogo. Sasa umepata batu ba kukusaidia kuipunguza?”

“Nimekupata weye.”

“Na tukichomeka bure, tupike hewa?”

Hapo pakaamuliwa kwamba chakula chote cha harusi hakitapikwa kwa makaa nyuma ya nyumba, kama ilivyopangwa, kitagawanywa kwenye avenyu. Huyu lituma, ndizi za kupondwa, yule makayabu, yule mchele. Asiye na sufuria kubwa apige pasi nguo za watoto wote. Mama Nasra akajitwalia maharagi, akasema hakuna kitu kinachokula umeme kama maharagi.

Jumamosi, saa tatu na nusu, réchaud kumi na moja na pasi sita ziliingia kwenye waya mmoja. Balbu ya sebuleni ikawa ya manjano, ikawa nyekundu, ikawa kama sigara ya mtu gizani. Mama Colette akashika moyo: umeme ukikatika, imekwisha. Wanawake nao waliona, na mmoja, bila kuambiwa, akachomoa pasi yake. Balbu ikapanda kidogo, ikakaa kwenye kiini cha yai.

Bokilo walifika kwa wakati, na suti, na sono yao ndani ya pikapu, ambayo walipoichomeka ilikohoa mara mbili na kulala. Tonton, yaani mjomba wa bwana harusi, Mahmoudi, mtu mnene mwenye haraka, aliambiwa desturi ya nyumba: bibi harusi anatoka gitaa likinyamaza. Akasema hakuna shida, wimbo mmoja si kitu, parokia inawangoja saa tano.

Mama Colette akapiga. Émilie alisimama nyuma ya mlango na nguo yake nyeupe, akisikiliza kitu alichokisikiliza kila jioni tangu hajajua kuvaa viatu mwenyewe. Wimbo ukafika mwisho wake, mahali ambapo mabinti wanne walivuta nguo zao na kutoka. Mkono ukafika pale, ukapapita. Ulikuwa umezikwa wiki nzima, mkono ule, na mwenyewe alikuwa ameulilia. Ukarudi mwanzo kwa njia nyingine, ukaingia wimbo wa Isangi wa watu wa mitumbwi, ukatoka, ukashika wimbo ambao Faustin aliupenda. Émilie akacheka, akavua viatu, akaanza kucheza pale pale ndani na miguu mitupu. Avenyu ikajibu kwa vifijo.

Nje, jua lilikuwa limepanda. Tonton Mahmoudi alilegeza tai, akaangalia saa, akamsogelea Mama Nasra aliyekuwa anachunga sufuria lake mlangoni kwake, akamwuliza kwa sauti ya chini kama mama huyu ataendelea mpaka lini.

Mama Nasra alifunua kifuniko, akatazama ndani, akakirudisha.

“Maharagi ingali nguvu, haijaiva,” alisema. “Chukua kiti, Tonton.”