Mbuzi wa Krismasi Uani kwa Serafina

Serafina hakunipenda tangu siku niliyoshuka kwenye lori pale kambini, mgodini Geita, nami sikuchelewa kumrudishia. Alikuwa mke wa Gregory, nyapara wa zamu, wote wawili watu wa Kibosho. Mimi na mume wangu Bartholomeo tulitoka Kilema. Nyumbani, Kibosho na Kilema ni mlima mmoja, lakini mtu anaweza kuzeeka bila kuvuka mito iliyo katikati. Huku, kati ya Wasukuma na Wazinza, wote tuliitwa Wachaga, tukapewa safu moja ya nyumba za bati, na tukalazimika kuwa ndugu.

Siku ile aliutazama mzigo wangu kabla ya kunitazama usoni. "Kilema," akasema. "Basi chumvi tutaifungia sandukuni."

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyekaa chini mchana. Alijua nani kambini anaumwa na nani anajisingizia. Alizika watoto wawili wa kiume nyuma ya kambi, wote kwa homa, akabaki na binti mmoja, Justa, aliyeolewa huko Kibosho. Makaburi yale aliyafagia mwenyewe kila Jumamosi. Ukimwomba umsaidie, alikuuliza kama mlango wako umeshaufagia.

Krismasi ilikuwa yake. Kwetu Krismasi ni siku ya watu wote kurudi nyumbani. Anachinjwa mbuzi, na kila mtu ana kipande chake kwa haki. Kidari ni cha mzee wa ukoo, mgongo ni wa mama, bega ni la mwanamume mwenye nyumba anayemfuatia mzee. Anayekosa fungu amekosa nyumbani. Huku mgodini hatukuwa ukoo, tulikuwa marafiki tu waliokutanishwa na kazi, lakini Serafina alitugawa kama ukoo. Gregory alishika kisu, yeye akasimama nyuma yake akimwelekeza kwa kidevu. Kidari kilikwenda kwa Gregory. Bega alipewa Bartholomeo.

Mwaka wa hamsini na mbili, wakati wa kipupwe, Bartholomeo alikufa kwa kichomi. Kambini nyumba ni ya kazi, si ya mtu. Tuliambiwa tungekaa hadi mwaka mpya, kisha nyumba apewe mwenye kazi. Nilimwendea Gregory nikamwomba amchukue mwanangu Donatus mahali pa baba yake. Donatus alikuwa ameshaota ndevu za kwanza, na shule alikuwa ameiacha.

"Nitaona," Gregory akasema. Hakuwa mtu mbaya, lakini maneno yake yalipitia kwa mkewe kabla ya kutoka.

Mwezi wa kumi na moja akaja Cornel, mtoto wa kaka yake Serafina, na godoro jipya kichwani. Mgeni wa kuja kusalimu habebi godoro. Nililiangalia likipita mlangoni kwangu, nikajua linatafuta chumba gani.

Wiki ile nilimkuta Serafina bombani.

"Shikamoo, Mama Justa."

"Marahaba."

"Krismasi Donatus atakuja kupokea fungu la baba yake."

Akaitua ndoo chini. "Bega ni la mwenye nyumba. Donatus ana nyumba gani?"

"Ya baba yake."

"Ya mgodi. Mwaka huu bega ni la Cornel. Wewe tutakupa shingo, ukachemshe supu ulie nayo vizuri."

Nilirudi nyumbani maji yakinimwagikia miguuni. Nilimjua Gregory. Kijana aliyerukwa fungu mbele ya watu wote hangeweza kumwita kazini kesho yake. Na kijana aliyempa bega kwa mkono wake mwenyewe hangeweza kumfukuza nyumbani. Kwa hiyo mimi na mwanangu tulikuwa tukisubiri bega la mbuzi.

Mbuzi mwenyewe alitolewa na Jilala. Huyu ni Msukuma wa Samuye, aliyesukuma kitoroli cha mawe pamoja na Bartholomeo kwa muda mrefu, na sasa ndiye aliyeongoza kundi la kitoroli hicho. Alimleta mbuzi mweusi aliyenona, akamfunga uani kwa nyapara. "Bartholomeo amekula kwangu mara nyingi," akasema. "Mimi kwenu sijala." Ikabidi Serafina amkaribishe, yeye na mkewe Mbuke. Alinung'unika kutwa nzima huku akipika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, akizitukana hata ndizi za Wazinza kwamba zina maji kama macho ya mjane. Nilikuwa nimesimama pale pale, nikimpepetea ulezi.

Siku ya Krismasi padre alikuwa Ushirombo, misheni, hakuweza kufika kwetu. Katekista alitusalisha kwenye banda upande wa pili wa kambi, na Wachaga wote tulikwenda. Jilala hasali kwetu, akabaki na mbuzi. Gregory alimwambia, "Tukirudi tumkute amechinjwa na kuchunwa." Hakuongeza neno, wala hakuna kati yetu aliyefikiri kuongeza. Kwetu hata mtoto anajua kwamba mbuzi huachanishwa kwenye viungo vyake, akalazwa juu ya majani ya mgomba, akamsubiri mzee. Nani angefikiri kumwambia mtu jambo kama hilo?

Tulipokaribia ua tulisikia harufu ya supu. Serafina alikuwa mbele, akakaza mwendo.

Chungu kikubwa kilikuwa kinatokota. Mbuke alikuwa anakoroga. Jilala alikuwa anafuta shoka, jasho likimtiririka, amefurahi kama mtu aliyewatendea wenzake wema.

"Mwangaluka," akatuamkia kwa Kisukuma. "Karibuni, imeanza kulainika."

Serafina alichungulia chunguni. "Kidari kiko wapi?"

"Humo."

"Bega?"

"Humo."

"Mgongo?"

"Mama, mbuzi mzima yumo. Hata kwato nilitaka kuzitia, Mbuke akanikataza."

Jirani yetu Philomena, mke wa seremala, mtu wa Marangu, alianza kucheka akajifanya anakohoa.

"Nani alikutuma umkatekate?" Serafina akauliza.

"Nilijua mtarudi na njaa. Vipande vidogo vinaiva upesi." Jilala akatutazama mmoja mmoja. "Hivi, mlitaka kula au mlitaka kurithishana?"

Serafina alimpokonya Mbuke mwiko, akavuta ungo, akaanza kuvua nyama. Alikigeuza kila kipande, akakinusa, akakisogeza kwenye mwanga. "Hiki ni cha kidari. Na hiki. Gregory, leta sahani." Mvuke ulimpiga usoni, naye hakurudi nyuma. Watu wa nyumba za jirani, Wasukuma na Wanyamwezi, walianza kujikusanya kwenye ua wa mabua kutazama mke wa nyapara akitafuta ukoo ndani ya supu.

Mbuke alimnong'oneza mumewe kwa Kisukuma.

"Mke wangu anauliza," Jilala akasema, "kama kuna kitu chenu kimeanguka humo."

Kule kwenye ua wa mabua walicheka sana. Serafina hakugeuka. Aliinua mfupa mmoja mrefu. "Hili bega. Cornel, njoo upokee."

Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa chungu, na macho ninayo.

"Huo ni ubavu," nikasema.

"Mjane amekuja kunifundisha mbuzi."

"Bega lina mfupa mpana, Mama Justa. Huo umepinda. Ni ubavu."

"Mumeo alikufa nje ya mlima akazikwa na wageni, na wewe unazungumza habari za bega?"

"Leo amezaliwa Bwana, jamani," Philomena akasema.

"Basi aje atafute yeye," Serafina akamjibu.

Cornel aliupokea ubavu ule kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa nyumbani. Mchuzi ulimtiririka hadi kwenye viwiko, naye hakujua auweke wapi. Hakuwa na kosa. Lakini sikumhurumia, na nilimwona Donatus nyuma ya watu akiangalia chini, nikazidi kutomhurumia.

Mtu mmoja kule kwenye ua wa mabua aliita, "Nyapara, na mkia ni wa nani?"

Hapo Gregory aliweka sahani yake chini. "Weka mwiko," akamwambia mkewe.

"Gregory, kidari chako bado..."

"Weka. Mwaka huu hakuna fungu. Tukae tule na wageni."

Ilikuwa mara ya kwanza kusikia neno lake likitoka bila kupitia kwa mkewe. Nilijua akishashiba litapitia tena. Mimi si mwanamke wa kusema mbele ya wanaume, na nyapara nilimwogopa, lakini mwaka ulikuwa umebaki siku chache.

"Baba Justa," nikasema, "kama hakuna fungu, hakuna aliyepewa bega. Nyumba ya Bartholomeo ni ya nani?"

"Leo ni Krismasi, Mama Donatus."

"Ndiyo, baba. Na mwaka mpya ni wiki ijayo."

Jilala alimtazama Gregory, akanitazama mimi, akamtazama Cornel na ubavu wake. Tabasamu lake likatoweka.

"Kumbe ndiyo hayo," akasema. "Gregory, kwenye kitoroli changu nafasi ya Bartholomeo ipo wazi tangu afe. Unaniletea wavivu, leo huyu, kesho yule. Nipe mwanawe. Kazi nitamfundisha kama alivyonifundisha baba yake. Kama hamumtaki, semeni tu, nitachukua mbuzi wangu niondoke." Akakitazama chungu. "Na mchuzi."

Watu wakacheka tena, na safari hii Gregory alicheka nao, maana ilikuwa afadhali kucheka nao kuliko kuchekwa. "Aje Jumatatu," akasema.

Serafina alimnyang'anya Cornel ule ubavu, akaurudisha chunguni, akaingia ndani na kufunga mlango. Hakula, wala mbege yake hakuionja. Sisi tulikaa tukala, Wachaga na Wasukuma pamoja, kila mtu akichukua kipande kilichokuja mkononi. Nilikula sana. Nilikula hadi Philomena akanitazama.

Cornel alipanda lori la kurudi kwao kabla ya mwezi kuisha. Kaka yake Serafina alileta maneno makali kwamba mtoto wake ameaibishwa ugenini, na Serafina aliyabeba maneno hayo kama nimeyaandika mimi. Shikamoo yangu hakuiitikia tena.

Jumatatu ile Donatus alishuka shimoni. Nilikwenda bombani mapema ili nisiuone mlango wa shimo, nikamkuta Serafina. Alijaza ndoo yake taratibu, akajitwisha, kisha akasema bila kugeuka:

"Nyumba umepata. Zamu ikichelewa, usije mlangoni kwangu kuniuliza habari."

Kambini, zamu ikichelewa, kila mwanamke alikwenda mlangoni kwa mke wa nyapara, kwa sababu habari ilifika kwake kwanza.

Zamu ilichelewa siku hiyo hiyo. King'ora kililia, tukasubiri, hakuna aliyetoka. Nilisimama kwenye kona ya nyumba ya Philomena, vidole vimeshika kanga. Nilikuwa nimeipigania kazi ile kwa nguvu zangu zote, na sasa nilihesabu mawe yote yaliyokuwa juu ya kichwa cha mwanangu. Serafina alikuwa amesimama mlangoni kwake akimsubiri mumewe. Alijua nipo. Sikumwendea, naye hakuniita. Tulikaa hivyo hadi jua likageuka rangi.

Halafu wakatokea kwa mkupuo, weupe kwa vumbi, Jilala akipiga kelele kwamba kitoroli kimetoka relini na kijana mpya ndiye aliyekirudisha. Donatus alikuwa nyuma yake, akitafuta watu kwa macho.

Sikumkimbilia. Serafina alikuwa ananitazama. Nilimngoja anifikie, nikampokea taa, tukaingia ndani.