Upande Nilioacha Kuuandika

Sogea karibu, msikilizaji wangu, nikusimulie kosa langu moja. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa korosho walipoanza kuzoeleka Newala, nami nilikuwa nesi wa macho.

Mama mmoja wa kijiji cha Mkunya alimleta binti yake wa miaka kumi. Mchana mtoto aliona vizuri, lakini giza likianza kuingia aligonga ndoo, akakanyaga mbuzi. Wifi yake mama huyo, dada wa mumewe, aliwasindikiza.

"Nesi, mpime mama kwanza," wifi alisema. "Mtoto ni wa ukoo wao, ugonjwa ni wao. Kwetu hata kuku wanaona jioni!"

Mama alinisogelea. "Ni mimi niliyemharibu?"

Nikawapeleka kwa daktari. Daktari wetu alikuwa akipeleka damu ng'ambo ili vinasaba visomwe, akaniagiza niorodheshe ndugu wa mtoto. Nikamwita mjomba, kaka wa mama, maana kwetu mtoto huhesabiwa ukoo wa mama, na mjomba ndiye msemaji wa ukoo huo. Akanitajia vizazi vitatu, wote macho mazima. Nikapeleka karatasi kwa furaha, mjomba akinifuata.

Daktari aliisoma, akauliza, "Mtoto huyu hana baba?"

"Anaye," mjomba akacheka. "Ila hao si ukoo wetu."

Nami, mzaliwa wa huko huko, sikuwa nimeona pengo lolote.

Tukachukua damu ya mama, mtoto, baba na wifi. Majibu yalikawia zaidi ya mwaka. Yalipofika, niliwaeleza hivi: "Mnapopanda korosho, shimo moja mnatia mbegu mbili. Moja ikiwa mbovu, mche bado unaota. Zikiwa mbovu zote, shimo linabaki tupu. Binti amepokea kinasaba kibovu kimoja kwa mama, kimoja kwa baba. Wao wanaona kwa sababu kila mmoja ana kizima cha pili."

"Na mimi je?" wifi akauliza.

"Na wewe unacho kibovu kimoja, shangazi."

 Wifi akamvuta mtoto mapajani. "Wifi yangu, nimekutesa bure."

Dawa hatukuwa nayo, na niliwaambia hivyo. Lakini mama alilia akishusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni kichwani.

Nawe ukimpeleka mtoto kliniki ya macho, kabla hujatoka nyumbani andika ndugu wa mama na ndugu wa baba, na uweke alama kwa kila asiyeona vizuri jioni.