Waya wa Kijani

Mimi ni fundi umeme, na kwa miaka mingi nilikuwa fundi mwenye kiburi. Mwanamke anayepanda ngazi na kutoboa kuta huulizwa maswali mengi, nami nilizoea kujibu kabla sijaulizwa. Basi shangazi yangu aliponipigia simu kutoka Paje, nilitoka Kiembe Samaki na begi langu la vyombo nikijiona najua kila kitu.

Shangazi alilima mwani mpaka magoti yakamgomea. Akasafisha kiwanja nyuma ya nyumba, akajenga choo na bafu, ili apokee wasafiri wanaolala ndani ya magari yao. Majirani walimcheka: nani atavusha gari bahari nzima aje alale humo? Wakaja mume na mke, watu wazima, na gari lenye kitanda, jiko na friji. Walitaka kukaa mwezi mzima, iwapo tu umeme utapatikana. Plagi yao ilikuwa ya duara, na soketi zetu ni za plagi ya miguu mitatu bapa.

Niliikata plagi yao, nikafunga yetu. Ndani ya kebo yao mlikuwa na nyaya tatu: wa kahawia, wa buluu, na wa kijani wenye mstari wa njano, ule unaopeleka ardhini umeme uliopotea njia. Nyumba ya shangazi haikuwa na chuma cha ardhini, kile kinachochimbiwa kuupokea umeme huo. Tundu la juu la soketi, ambalo ndilo la waya huo, sisi tunalijua kwa kulichokoa tu kwa njiti ya kiberiti, plagi ya miguu miwili ipate kuingia. Nikaona wa kijani hauna kazi, nikaukata, nikaufunika kwa utepe. Friji ikanguruma, nikasifiwa, na sifa nikazipokea zote.

Adhuhuri shangazi alitoka kuosha pweza, miguu mitupu, mikono inachuruzika maji, akaenda kuwaita wageni waje kula. Aliposhika mpini wa mlango wa gari, alirushwa nyuma akakaa kitako mchangani, mkono ameukumbatia kifuani.

Nikamwambia ni ganzi tu, itapita.

"Mwanangu, ganzi naijua," alisema. "Hii si ganzi."

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nilizima umeme, nikamwambia ukweli kwamba waya nimeukata mimi. Wageni walishaanza kukunja viti vyao. Shangazi aliwaomba, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, wangoje mpaka kesho. Mimi hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi.

Nilikwenda mjini, nikanunua chuma cha ardhini na swichi inayojikata yenyewe umeme unapovuja. Asubuhi nilikigongelea chuma mpaka kikafika kwenye mchanga wenye maji. Nikaurudisha waya wa kijani mahali pake. Kwenye friji ya gari nilikuta waya uliochubuka ukigusa bati, nikaubadilisha. Nikawasha umeme, nikaupima mpini kwa testa, bisibisi yenye kitaa kinachowaka palipo na umeme. Kitaa hakikuwaka.

Shangazi alikuwa amesimama pembeni. "Mimi hicho kidude sikijui," alisema.

Nikavua viatu, nikachovya mkono kwenye ndoo, nikaushika mpini. Nilikuwa naogopa, nakiri. Hapakuwa na kitu ila ubaridi wa chuma. Kabla sijaondoa mkono, shangazi alichovya wake, akauweka juu ya wangu, na kwa ule mwingine akabisha hodi, akawaambia wageni chai iko tayari.